Gunia na konzi: kuelewa vijipicha na skripti inayovitengeneza

Mdogo wangu ana kibanda cha kupiga na kuchapisha picha huko Kadutu, hapa Bukavu, na kwa muda sasa wateja wake wamekuwa wakimletea lalamiko lilelile. Wameambiwa kwamba picha za harusi yao zimewekwa kwenye tovuti yake. Wanaufungua ukurasa kwa simu, wanaona vipicha vikijichora kwa kusuasua kutoka juu kwenda chini, na kabla hawajafika katikati ya ukurasa, mega za intaneti walizonunua asubuhi zimekwisha. Yeye huwajibu kwa unyofu kwamba picha alizoziweka ni ndogo, na kweli mtu akitazama skrini anaziona ni ndogo. Hakuna anayesema uongo hapo, ila neno “ndogo” linabeba maana mbili, na kila upande umeshika maana yake.

Tuanze na maneno. Picha ya kidijitali, au foto kama tunavyozoea kusema mjini, ni mfano wa mkeka uliosukwa kwa nukta za rangi, na kila nukta huitwa pikseli. Simu nyingi za siku hizi hupiga picha yenye pikseli 4000 kwa upana na 3000 kwa kimo, yaani nukta milioni 12. Kama kila nukta ingeandikwa kwa ukamilifu, pamoja na viwango vyake vitatu vya nyekundu, kijani na bluu, picha moja ingechukua megabaiti 36. Mbinu ya kubana iitwayo JPEG, ambayo kiwango chake cha kimataifa kilipitishwa mwaka 1992, hutupa yale ambayo jicho haliyatambui kwa urahisi na kuishusha picha hiyo hadi megabaiti tatu, nne au tano hivi. Huo ndio uzito wa picha, na uzito ndio unaokula mega. Nafasi ambayo picha inachukua kwenye skrini ni jambo jingine kabisa.

Kijipicha ni nakala ya picha iliyotengenezwa upya kwa pikseli chache na kuhifadhiwa kama faili inayojitegemea, ili mtazamaji aone kwa haraka kilichomo kisha achague anachotaka kukifungua. Picha yetu ya 4000 kwa 3000 ikifanyiwa kijipicha cha 300 kwa 225, tunapata nukta 67,500, idadi iliyo pungufu kwa karibu mara 178, na mara nyingi faili hiyo haina uzito wa zaidi ya kilobaiti 20 au 30. Sisitizo langu liko kwenye maneno “faili inayojitegemea”, kwa sababu mkanganyiko wote wa kibandani kwa mdogo wangu ulianzia hapo.

Chukulia muuzaji wa maharagwe sokoni. Mteja akitaka kujua kama maharagwe ni mapya, muuzaji huchota konzi moja na kummwagia kiganjani, na gunia linabaki limeegemea ukuta mpaka bei ikubaliwe. Sasa mchukulie muuzaji mwingine ambaye, kwa kila mpita njia anayeuliza, humbebesha kijana gunia zima la kilo mia, akalipeleka hadi mlangoni kwa huyo aliyeuliza, akalifungua na kumwonyesha konzi moja tu, kisha akamdai nauli ya gunia. Ukurasa wa mdogo wangu ulikuwa muuzaji wa namna hiyo. Alikuwa amepakia picha zenyewe, zile za nukta milioni 12, kisha kwenye ukurasa akaagiza zionyeshwe kwa upana wa pikseli 300. Kivinjari cha simu hulitii agizo hilo, lakini hakiwezi kukunja kitu ambacho bado hakijakipokea, hivyo hulazimika kuipakua faili nzima kwanza, ndipo kiikunje. Ukurasa wenye picha 20 za megabaiti nne kila moja ulikuwa ukimgharimu mtazamaji megabaiti 80, hata kama hakugusa picha yoyote. Vijipicha 20 vya kilobaiti 25 vingemgharimu nusu megabaiti.

Ushauri unaozunguka mjini juu ya tatizo hili mara nyingi haufiki kwenye kiini. Wapo wanaosema picha zifungwe katika faili ya zip, lakini JPEG imekwisha kubanwa, na kuibana tena ni kama kuikamua nguo iliyokwisha kukamuliwa. Wapo wanaosema namba ya dpi ishushwe kutoka 300 hadi 72. Namba hiyo humwambia mwenye mashine ya kuchapa ni nukta ngapi zipangwe katika kila inchi ya karatasi, na kuibadilisha peke yake hakuondoi hata nukta moja, kwa hiyo picha ya pikseli 4000 iliyoandikwa 72 na ile iliyoandikwa 300 zina uzito uleule. Wengine hujitumia picha kwa WhatsApp na kuzipakua tena. Njia hiyo hupunguza kweli, lakini ukubwa na ubora huamuliwa na WhatsApp kwa sehemu kubwa, na mega hutumika mara mbili, kwenda na kurudi, kwa kazi ambayo kompyuta inaweza kuifanya bila intaneti yoyote.

Kutengeneza kijipicha kimoja si kazi: unafungua picha katika programu ya kuhariri, unaandika upana mpya, unahifadhi kwa jina jingine. Shida ni wingi. Harusi moja huzaa picha 600 bila taabu, na ukitumia dakika mbili kwa kila moja umekaa kwenye kiti kwa saa 20, ukirudia mibofyo ileile, na mahali fulani kati ya picha ya 200 na ya 300 mkono unachoka na unahifadhi juu ya picha halisi. Hapo ndipo skripti inapoingia.

Kompyuta huagizwa kwa njia mbili. Unaweza kubofya vitu kwenye skrini, au unaweza kuandika amri. Programu inayopokea amri hizo zilizoandikwa huitwa sheli, neno lenye maana ya ganda, kwa kuwa hukaa kati ya mtumiaji na kiini cha mfumo wa kompyuta. Stephen Bourne, katika maabara ya Bell huko Marekani, aliandika sheli iliyotoka mwaka 1979 pamoja na toleo la saba la mfumo wa kompyuta uitwao Unix, na mwaka 1989 Brian Fox alitoa sheli ya Bash, ambayo leo ndiyo inayokutwa kwenye kompyuta nyingi zinazotumia mfumo wa Linux. Inapatikana pia kwenye Mac na ndani ya Windows, na kijana asiye na kompyuta anaweza kuitumia kwenye simu ya Android kupitia programu ya Termux. Skripti, basi, ni faili ya maandishi ya kawaida ambamo amri za sheli zimepangwa mstari kwa mstari ili zitekelezwe kwa mfuatano. Wapo wanaoliona dirisha jeusi lenye maandishi na kudhani kuna udukuzi unaofanyika. Wasiwasi huo hauna msingi, ingawa umebeba tahadhari moja ya kweli, kwamba skripti hutii bila kuuliza, na kwa hiyo mtu asiendeshe mstari ambao hajausoma na kuuelewa.

Mpiga matofali hafinyangi kila tofali kwa vidole. Ana kalibu: hujaza udongo, husawazisha, hupindua, husogea. Akili yote ilitumika siku ile kalibu ilipopimwa na kupigiliwa misumari, na kama siku hiyo ilipinda, matofali elfu yatakuwa yamepinda. Skripti ni kalibu ya amri. Ndiyo maana nitakaa kwenye mistari yake kwa muda.

Kazi yenyewe ya kupunguza picha haifanywi na sheli, bali na programu ambayo sheli huiita. Ninayoitumia mimi ni ImageMagick, ambayo John Cristy alianza kuiandika mwaka 1987 alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya DuPont, na ambayo hadi leo ni ya bure. Katika matoleo ya zamani amri yake kuu iliitwa “convert”, na hilo limewachanganya watumiaji wengi wa Windows, kwa sababu Windows ina amri yake yenye jina hilohilo inayobadilisha mpangilio wa diski, jambo lisilohusiana na picha hata kidogo. Toleo la saba linatumia “magick”, na ndilo nitakaloliandika hapa, katika faili niliyoiita “vijipicha.sh”:

#!/bin/bash
mkdir -p vijipicha
for picha in *.jpg *.JPG; do
  [ -e "$picha" ] || continue
  lengo="vijipicha/$picha"
  [ -e "$lengo" ] && continue
  magick "$picha" -auto-orient -thumbnail '300x300>' \
    -quality 80 vijipicha/nusu.jpg &&
  mv vijipicha/nusu.jpg "$lengo"
done

Mstari wa kwanza unaitaja sheli itakayosoma skripti. Wa pili unaunda folda iitwayo “vijipicha” kama bado haipo. Wa tatu ndio kalibu yenyewe, na unasema: kwa kila faili katika folda hii ambayo jina lake linaishia kwa jpg (alama ya faili za JPEG), iite kwa muda “picha”, fanya yafuatayo, kisha chukua inayofuata. Nimeandika jpg mara mbili, kwa herufi ndogo na kubwa, kwa sababu kamera nyingi huandika JPG na simu nyingi jpg, na kwa Bash hayo ni majina mawili tofauti. Maneno “picha”, “lengo” na “vijipicha” nimeyachagua mwenyewe, na sheli inayakubali bila shida. Nalisema hili kwa makusudi, kwa kuwa nimekutana na vijana wanaoamini kwamba kila neno la skripti lazima liwe la kigeni.

Alama za kunukuu zinazolizunguka jina la picha zinaonekana kama pambo, lakini ukiziacha skripti itakwama kwenye jina la kwanza lenye nafasi tupu. Sheli huitumia nafasi tupu kutenganisha neno na neno. Faili iitwayo “Harusi ya Jumamosi 12.jpg”, bila alama hizo, itasomwa kama faili nne tofauti, na hakuna hata moja kati yake iliyopo. Alama ya > iliyo baada ya 300x300 nayo imefungwa ndani ya nukuu kwa sababu ya namna hiyo: kwa ImageMagick inamaanisha “punguza picha iliyo kubwa kuliko hapa, ila usiikuze iliyo ndogo”, lakini kwa sheli alama hiyohiyo inamaanisha “mwaga matokeo ndani ya faili inayofuata”, na isipofungwa sheli itaidaka kabla ImageMagick haijaiona.

Kipimo cha 300x300 hakimaanishi kwamba kila kijipicha kitakuwa mraba. Ni sanduku ambalo picha lazima itoshe ndani yake bila kupotoshwa, hivyo picha ya kulala inakuwa 300 kwa 225 na ya kusimama inakuwa 225 kwa 300. Wanaotaka vijipicha vyote viwe mraba huagiza programu ijaze sanduku kisha ikate kinachozidi pembeni, ikishikilia katikati. Inapendeza kwa mandhari ya ziwa Kivu. Kwa picha za watu waliosimama wima nimeona ikikata vilemba vya akina mama, na mama aliyefunga kilemba chake kwa nusu saa hatakusamehe kwa urahisi, kwa hiyo ni bora ukataji ushikilie upande wa juu, au usikate kabisa.

Sasa nifike kwenye neno “-auto-orient”, ambalo watu hulisahau mara nyingi kuliko yote. Ukiipiga picha huku umeisimamisha simu, mara nyingi nukta huhifadhiwa zikiwa zimelala vilevile, na simu huandika pembeni maelezo mafupi yanayosema “kabla ya kunionyesha, nigeuze kwanza”. Maelezo hayo, pamoja na saa ya kupiga picha, aina ya kamera na mengineyo, hukaa ndani ya faili katika sehemu iitwayo EXIF, mpangilio uliotolewa Japani mwaka 1995. Amri ya “-thumbnail” huiondoa sehemu hiyo ili kupunguza uzito, na ikiiondoa kabla picha haijageuzwa, hakuna tena anayejua kwamba ilipaswa kugeuzwa, na bwana harusi anaonekana amelala ubavu. Ndiyo maana mpangilio wa maneno una maana: geuza kwanza, ndipo upunguze.

Kuondolewa kwa EXIF kuna faida nyingine ambayo kwa mji wetu naiona kubwa. Kama huduma ya mahali imewashwa kwenye simu, EXIF hubeba pia namba za GPS za pale picha ilipopigwa, kwa usahihi unaoweza kumfikisha mtu kwenye lango la nyumba yako. Kijipicha kilichotengenezwa kwa skripti hii hakina namba hizo. Lakini picha kubwa inayofunguka mtu anapokigusa kijipicha bado inazo, na hapo wengi hujidanganya. Jibu langu ni kutoipakia kabisa picha halisi. Ninaendesha skripti ileile mara ya pili, nikiwa nimebadilisha 300x300 kuwa 1600x1600 na jina la folda kuwa “wastani”, na nakala hizo za wastani ndizo zinazofunguka kwenye tovuti. Picha halisi hubaki kwenye diski ya kibandani, kwa ajili ya kuchapwa.

Wanaoijua ImageMagick watauliza kwa nini sikutumia “mogrify”, amri yake nyingine inayoweza kushughulikia folda nzima kwa mstari mmoja. Ni amri nzuri na ya haraka, na ina tabia moja ambayo lazima ijulikane kabla ya kuigusa: usipoitajia kwa neno “-path” folda ya kuweka matokeo, na aina ya faili ikibaki ileile, huandika juu ya picha halisi. Nilijifunza hilo kwa hasara. Miaka kadhaa iliyopita niliiendesha juu ya folda ya picha za ubatizo wa binti wa dada yangu, nikiwa nimeagiza upana wa 200 na nimesahau folda ya matokeo. Ilimaliza kwa dakika chache bila kulalamika. Kadi ya kamera ilikuwa imekwisha kufutwa kwa kazi nyingine. Katika picha hizo kuna moja ambamo baba yetu, ambaye leo hayupo, amempakata mjukuu wake, na tukiikuza ili tuichape, uso wake unageuka miraba. Watu hunishauri niipeleke kwenye programu za kukuza picha. Nimejaribu. Programu hizo hubuni nukta mpya kwa kukisia kutokana na zilizo jirani, na uso unaotoka ni laini na wa kupendeza, ila si wa baba. Nukta zilizotupwa hazirudi. Tangu siku hiyo kila skripti ninayoiandika inasoma katika folda moja na kuandika katika nyingine, na kabla ya kuigusa kazi ya mteja naijaribu kwanza juu ya nakala za picha tano.

Imebaki mistari miwili ambayo sijaieleza, inayotumia “-e” na “continue”, pamoja na ile faili ya ajabu iitwayo “nusu.jpg”. Wa kwanza unauliza kama picha ipo kweli, kwa sababu folda isipokuwa na faili yoyote ya JPG, sheli hulichukua lile jina lenye nyota kama lilivyo, na ImageMagick ingejaribu kulifungua. Wa pili unauliza kama kijipicha kimekwisha kutengenezwa, na kama kipo, unairuka picha hiyo. “Nusu.jpg” ni mahali pa kufanyia kazi: kijipicha huandikwa kwanza kwa jina hilo la muda, na kikikamilika tu, “mv” hukipa jina lake la kudumu. Kwenye mji ambao umeme haukatiki haya yangeonekana kuwa kazi ya ziada. Hapa kwetu ndiyo yanayoitofautisha skripti inayofaa na isiyofaa, kwa sababu umeme ukizimika katikati ya kuandika faili, huenda ukaachiwa picha iliyochorwa nusu ya juu na kuwa kijivu chini, na skripti isiyo na jina la muda ingeikuta hapo kesho yake na kuiruka ikidhani ni kamili.

Jumapili jioni tuliiendesha pamoja kibandani, juu ya picha 612 za harusi ya Ibanda. Kompyuta yake ni nzee, isiyo na betri, na kila picha ilikuwa ikimchukua muda kuifungua, kwa hiyo tuliongeza “-define jpeg:size=600x600” mara baada ya neno “magick”, agizo linaloiruhusu programu isome JPEG kwa kiwango kilichopunguzwa badala ya kuzikunjua nukta zote milioni 12, na mwendo ukawa mwepesi. Ilikuwa imefika ya 214 mtaa wote ulipoingia giza. Mdogo wangu alishika kichwa. Umeme uliporudi, karibu saa nne usiku, aliwasha mashine, akaandika “bash vijipicha.sh” kama mwanzo, ikaziruka zile 213 kufumba na kufumbua, ikaichukua ya 214 na kuendelea.